Mwanga II: Kabaka aliyeasi ndani ya ufalme wake

Nateete, magharibi mwa Kampala, ndipo Alexander Mackay, mmisionari fundi kutoka Uskoti, alipokuwa na mtambo wake wa kuchapia vitabu. Vijana waliotumika katika kasri la Kabaka walijifunza kusoma kwa wamisionari. Karibu na hapo, Busega, vijana watatu wa misheni waliuawa tarehe 31 Januari 1885.

Amri ilitoka kwa utawala wa Mwanga II, aliyekalia kiti cha baba yake, Mutesa I, Oktoba 1884 akiwa bado kijana. Kila upande aliona wageni wakijongea, na watumishi wake mwenyewe walianza kumtii bwana mwingine. Oktoba 1885, Askofu James Hannington aliuawa Busoga. Tarehe 3 Juni 1886, Wakristo wengi walichomwa moto Namugongo. Apolo Kaggwa alipigwa na Kabaka, lakini alisalimika.

Ukatili huo haukukiimarisha kiti. Mwaka 1888, Waislamu na Wakristo waliungana wakampindua. Wakristo hao hao ndio waliomrejesha baadaye, lakini kwa gharama: Kaggwa alikuwa Katikiro, na nguvu ilikuwa mikononi mwa wakuu waliosoma misheni. Desemba 1890, Mwanga alitia saini mkataba na Kapteni Frederick Lugard. Mwaka 1894, Uingereza ilitangaza himaya yake.

Julai 1897, Kabaka alitoroka Mengo kwenda Buddu kuwapigania wale waliochoshwa na utawala wa kigeni. Alishindwa, akavuka mpaka na kuingia eneo la Wajerumani. Tarehe 9 Agosti alivuliwa ufalme, ukapewa mwanawe Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja. Miongoni mwa walezi watatu wa kiti hicho alikuwamo Kaggwa.

Mwanga aliponyoka tena, akaungana na Kabalega, mfalme wa Bunyoro aliyekuwa hasimu wa Buganda. Walikamatwa pamoja Lango tarehe 9 Aprili 1899, wakapelekwa uhamishoni Ushelisheli.

Huko mtawala aliyewaua Wakristo alibatizwa kwa jina la Danieri. Alifariki Mei 1903. Mwaka 1910 mabaki yake yalirejeshwa na kuzikwa Kasubi, penye kaburi la baba yake, si mbali na Nateete.