Mama Ainsworth na bebe wa Uganda

Mary Ainsworth alizaliwa Marekani mwaka 1913, akakulia Kanada. Mwaka 1954 alimfuata bwana yake aliyepata kazi Kampala, hapa kwa jirani. Vijijini alitembelea familia 26 za Waganda, yeye na mkalimani. Wamama waliojua kueleza sana habari za bebe wao, bebe hao walikuwa watulivu: wanatambaa kuchungulia vitu, wanarudi kwa mama, wanaenda tena.

Sisi wa mashimo ya Rubaya tunarudi Goma tumechoka, tunalala tu. Lakini Mama huyo aliona bebe wengine wameshikamana na baba wanayemwona mara chache. Alidhani ni juu ya vile baba, akifika, alimfurahia mtoto. Kitabu chake kilitoka 1967, alifariki 1999.