Robert Wood: Aliyeonyesha msitu mweupe na kufichua mionzi isiyokuwapo

ANAYESIMAMA kwenye ukingo wa jabali la Irente, nje kidogo ya mji wa Lushoto, huona mbali chini yake mashamba ya mkonge ya Mazinde na tambarare inayopotelea katika vumbi la kiangazi. Akigeuka nyuma huona kijani kitupu: mahindi, migomba, miti ya kupandwa na, juu zaidi kuelekea Magamba, msitu wa asili.

Mtu huyo huyo akitumia kamera ya dijitali iliyobadilishwa na fundi ili ipokee mionzi ya infraredi, atapata picha ya mahali asipopajua. Anga ya bluu itakuwa karibu nyeusi, na kijani chote kitang'aa kwa weupe, kana kwamba Milima ya Usambara imetandazwa pamba.

Picha za namna hiyo zimekuwa burudani ya wapiga picha wengi duniani, na zimekuwa pia msingi wa kazi nzito ya kupima hali ya misitu kutoka angani. Aliyezionyesha kwa umma kwa mara ya kwanza ni mwanafizikia wa Marekani, Robert Williams Wood, mwaka 1910.

Wood anastahili kukumbukwa kwa jambo jingine pia. Miaka sita kabla ya picha hizo, yeye ndiye aliyefichua kosa la wanasayansi waliodai kuona mionzi ambayo haikuwapo kabisa. Mambo hayo mawili, yakiwekwa pamoja, yana somo kwa kila anayeitazama misitu ya Usambara kwa kutumia mitambo.

Kutoka kemia hadi nuru

Wood alizaliwa Mei 2, 1868, katika mji wa Concord, jimbo la Massachusetts. Baba yake alikuwa daktari aliyewahi kuishi katika visiwa vya Hawaii, ambako alimiliki shamba la miwa.

Alihitimu Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1891, akiwa amesomea kemia. Mwaka uliofuata alimwoa Gertrude Ames, na mwaka 1894 akaenda Berlin, Ujerumani, kujiendeleza katika fani hiyo. Akiwa huko alivutwa na utafiti wa nuru, akaiacha kemia na kurejea nyumbani akiwa mwanafizikia.

Mwaka 1897 alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Wisconsin. Huko alijipatia sifa mitaani kwa ubunifu wake wakati wa majira ya baridi, pale mabomba ya maji yaliyofukiwa ardhini yalipoganda. Badala ya kuchimba, alipitisha umeme katika bomba lenyewe, chuma kikapata moto na barafu ikayeyuka.

Mwaka 1901 alihamia Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, kushika nafasi iliyoachwa na Henry Rowland, bingwa wa fizikia aliyefariki dunia mwaka huo. Alikaa hapo hadi alipostaafu mwaka 1938, na hata baada ya hapo hakuacha utafiti. Kitabu chake kikubwa juu ya nuru kilitoka mwaka 1905 na kusomwa na vizazi kadhaa vya wanafunzi.

Wakati wa likizo alifanya kazi katika ghala la shamba, East Hampton, ambalo aliligeuza kuwa maabara. Inasimuliwa kwamba bomba refu la chombo chake cha kuchambulia nuru lilipojaa utando wa buibui, alimwingiza paka upande mmoja akatokea upande wa pili, na bomba likawa safi.

Siku ya Nancy

Mwaka 1903 profesa René Blondlot wa mji wa Nancy, Ufaransa, alitangaza kugundua mionzi mipya aliyoiita N, kwa heshima ya mji huo. Blondlot hakuwa tapeli. Alikuwa mtafiti aliyeheshimika, na tangazo lake lilikuja miaka michache tu baada ya ugunduzi wa eksirei, wakati ambao dunia ilikuwa tayari kupokea maajabu mengine.

Baada ya muda mfupi wanasayansi kadhaa, hasa wa Ufaransa, walisema nao wameiona. Hata hivyo, ushahidi wenyewe ulikuwa dhaifu: mtazamaji aliketi gizani na kukadiria kwa macho kama nuru hafifu imeongezeka kidogo. Wengine katika Uingereza na Ujerumani walijaribu bila kuona chochote.

Mwaka 1904 Wood alikwenda Nancy kushuhudia. Chumba kilitiwa giza, na Blondlot akaanza kutaja mahali mionzi ilipoangukia baada ya kupita katika mche wa alumini uliodaiwa kuipinda. Katika giza hilo, Wood aliunyakua mche na kuutia mfukoni. Blondlot aliendelea kusoma vipimo vile vile, ingawa kifaa kilichopaswa kuvitoa hakikuwapo tena.

Katika jaribio jingine ilidaiwa kwamba tupa ya chuma ikiwekwa karibu na macho humwezesha mtu kuona vizuri saa iliyo gizani. Wood aliibadilisha tupa kwa kipande cha mti, na majibu hayakubadilika.

Taarifa yake ilichapishwa katika jarida la Nature Septemba 29, 1904, na imani juu ya mionzi hiyo ikaporomoka haraka nje ya Ufaransa. Blondlot alikuwa ameyaamini macho yake yalipokuwa yakimwonyesha alichotamani kukiona.

Majani meupe

Mionzi ambayo Wood aliipiga picha ilikuwa na historia tofauti. Mwaka 1800, William Herschel alipasua nuru ya jua katika rangi zake huko Uingereza na kuweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halikuona kitu. Joto lilipanda. Huo ndio mwanzo wa kujulikana kwa infraredi.

Wood alitaka mionzi hiyo iache alama ambayo kila mtu angeweza kuikagua. Alitengeneza kichujio kwa kuunganisha kioo cha bluu cha kobalti na rangi ya kemikali ya potasiamu, kikazuia nuru inayoonekana na kupitisha sehemu ya mwisho kabisa ya wekundu na kuendelea. Mabamba ya picha ya zama hizo yalikuwa mazito kupokea mionzi hiyo, hivyo kamera ilibidi itulie kwa dakika kadhaa juani.

Picha alizozichapisha mwaka 1910 ziliwashangaza watazamaji. Miti ilikuwa myeupe na anga nyeusi. Wapiga picha hadi leo huuita weupe huo kwa jina lake.

Sababu ni maumbile ya jani lenyewe. Klorofili, inayolipa jani ukijani, hunyonya sehemu kubwa ya nuru nyekundu na ya bluu, lakini infraredi ya karibu huipita. Mionzi hiyo hugonga kuta za seli na nafasi za hewa ndani ya jani, ikatawanyika na kurudi nje. Jani lenye afya hurudisha nyingi, ndiyo maana hung'aa. Anga huwa nyeusi kwa kuwa hewa safi hutawanya bluu kwa wingi na infraredi kidogo sana. Maji nayo huinyonya, na mto huonekana kama wino.

Ieleweke kwamba hii si kamera ya joto inayoonyesha mtu gizani. Infraredi ya picha hizi inaanza pale jicho linapokoma, karibu nanomita 700, na hutegemea jua kama picha ya kawaida. Hupenya vizuri vumbi jepesi la kiangazi, lakini ukungu mzito unaoshuka Lushoto asubuhi huizuia kama unavyolizuia jicho.

Kamera ya dijitali imeirahisisha kazi iliyomgharimu Wood dakika nyingi. Kihisio chake kwa asili huipokea infraredi, na watengenezaji huweka mbele yake kichujio cha kuizuia ili rangi zisiharibike. Fundi akikiondoa na kuweka kingine kinachopitisha infraredi peke yake, picha hupigwa kwa mkono, bila stendi. Asiyetaka kufungua kamera yake huweka kichujio cheusi mbele ya lenzi, huifunga kamera kwenye stendi na kusubiri sekunde kadhaa.

Msomaji anaweza kulithibitisha hili nyumbani. Akielekeza rimoti ya televisheni kwenye kamera ya simu na kubonyeza kitufe, kwa simu nyingi ataona kwenye skrini nukta ya mwanga ambayo macho yake hayaioni.

Mwezi, ngozi na vita

Wood alichunguza pia upande wa pili wa upinde wa rangi, yaani mionzi ya urujuanimno. Alipiga picha za Mwezi kwa mionzi hiyo na kuona doa jeusi karibu na bonde la Aristarchus ambalo halionekani kwa nuru ya kawaida. Kioo cheusi alichokibuni kinachopitisha urujuanimno kilizaa taa yenye jina lake, ambayo tangu mwaka 1925 imetumiwa na madaktari wa ngozi kutambua baadhi ya aina za choa cha kichwani.

Katika miaka ya 1930 filamu za infraredi zilianza kuuzwa madukani. Vita Kuu ya Pili ilipofika, majeshi yalizitumia kubaini silaha zilizofichwa chini ya matawi yaliyokatwa au turubai za kijani: jicho liliona kijani kimoja, lakini jani hai lilijitenga na rangi ya dukani.

Kutoka hapo njia ilielekea angani. Julai 23, 1972, Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya mpango wa Landsat, ikiwa na vihisio vya infraredi ya karibu. Tangu wakati huo watafiti hulinganisha infraredi inayorudi kutoka ardhini na nuru nyekundu, na tofauti hiyo huwaonyesha mahali penye mimea mingi, pakavu au palipofyekwa.

Kilicho chini ya weupe

Kwa Usambara, jambo hili si la burudani. Misitu yake ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, yenye mimea na wanyama wasiopatikana kwingineko duniani, na ndiyo chanzo cha mito inayotegemewa na watu wa milimani na wa tambarare.

Lakini weupe wa infraredi hausemi kila kitu. Mkulo wa msitu wa asili hung'aa, na chai hung'aa. Mkaratusi hung'aa, na hata shamba la mahindi wakati wa mvua hung'aa. Misindano huonekana kufifia kidogo kuliko miti ya majani mapana, lakini weupe peke yake katika picha moja hautoshi kumwambia mtu kama anaangalia msitu wa kale au shamba la miti lililopandwa baada ya msitu huo kuondoka.

Upande wa Amani, Usambara Mashariki, iliki imelimwa kwa miaka mingi chini ya kivuli cha miti mikubwa. Mkulima huacha miti ya juu na kufyeka miche yote ya chini, ile ambayo ingekuja kuirithi. Kutoka angani vilele bado ni vyeupe na msitu unaonekana mzima, ilhali chini hauna watoto.

Ndiyo maana wanaozisoma picha za setilaiti kwa uangalifu hushuka na kuingia msituni kwa miguu, wakahesabu miti na miche, kabla ya kukubali kile ambacho picha imewaonyesha. Hicho ndicho Wood alichokifanya Nancy: hakutosheka na kuambiwa kinachoonekana, akanyoosha mkono gizani kuhakikisha.

Robert Wood alifariki dunia Agosti 11, 1955, mjini Amityville, New York, akiwa na umri wa miaka 87. Bonde moja la Mwezi limepewa jina lake. Liko upande ambao mtu aliye duniani, awe Baltimore au Lushoto, hawezi kuuona kwa macho yake.