Nøstvik, msanifu aliyeipa Nairobi mnara wake

ABIRIA wa matatu anayetoka Dandora asubuhi kuelekea katikati mwa Nairobi hahitaji kuuliza amefika wapi. Huutazama tu mnara wa Jumba la Mikutano ya Kimataifa la Kenyatta (KICC), wenye rangi ya udongo wa mfinyanzi, akajua jiji li karibu. Mnara huo umekuwa nembo ya Nairobi kwa zaidi ya nusu karne. Hata hivyo, ni wachache mno wanaolifahamu jina la aliyeuchora: Karl Henrik Nøstvik, msanifu majengo kutoka Norway aliyeaga dunia mwaka 1992.

Nøstvik alizaliwa mwaka 1925. Aliwasili Kenya mwaka 1965, taifa likiwa bado changa, akiwa miongoni mwa wataalamu wa kwanza waliotumwa na Norway chini ya mpango wa msaada wa kiufundi. Alipangiwa kazi katika wizara iliyosimamia ujenzi wa majengo ya serikali. Huko alishirikiana na David Mutiso, mmoja wa Waafrika wa kwanza nchini kufuzu usanifu majengo, ambaye baadaye alikuwa Msanifu Mkuu wa Serikali. Majina ya wawili hao hayatenganiki katika historia ya jumba hilo.

Kazi yenyewe ilianza kwa udogo. Chama tawala cha Kanu kilihitaji makao makuu, na michoro ya awali ilikuwa ya jengo la ghorofa chache tu. Lakini Rais Jomo Kenyatta alitaka jengo la kulingana na hadhi ya taifa huru, nalo likaendelea kurefuka kwenye karatasi. Ujenzi ulianza mwaka 1967. Nairobi ilipochaguliwa kuandaa mkutano wa mwaka wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, haja ikawa kubwa zaidi: ukatakiwa ukumbi wa kuwatosha maelfu ya wajumbe.

Nøstvik hakuchora sanduku la vioo kama yaliyokuwa yakiinuliwa katika miji mingi ya wakati huo. Alicheza na maumbo, mithili ya mchongaji vinyago. Upande mmoja aliusimamisha mnara, na kando yake akaweka ukumbi wenye umbo la pia, ambao baadhi ya watu huufananisha na paa la msonge na wengine na ua lililofumba. Ukumbi huo mfupi na mnene ndio unaoufanya mnara uonekane mrefu zaidi. Wasanifu wengi huficha zege kwa vigae au rangi, ila yeye aliliacha lionekane, likiwa na wekundu wa ardhi ya Afrika Mashariki.

Kileleni aliweka mkahawa unaozunguka na uwanja wa helikopta. Wazo la mkahawa wa aina hiyo lilikuwa likivuma duniani, hasa katika minara ya mawasiliano. London ilikuwa na wake katika mnara wa simu uliofunguliwa mwaka 1965, na Berlin Mashariki ikafuata mwaka 1969 katika mnara wa televisheni. Miji hiyo iliipamba minara ya kurushia mawimbi ili iwe fahari ya raia wake. Nairobi haikuwa na mnara kama huo, na fahari hiyo ikabebwa na jumba la mikutano.

Jengo lilikamilika mwaka 1973 na kufunguliwa na Mzee Kenyatta mwezi Septemba. Likiwa na urefu wa mita 105, ndilo lililokuwa refu kuliko yote nchini hadi Times Tower ilipokamilika mwaka 2000. Uani, ikawekwa sanamu ya Kenyatta ameketi, kazi ya mchongaji Mwingereza James Butler.

Mwezi huo huo wajumbe wa mataifa waliingia katika kumbi za Nøstvik. Hapo ndipo Rais wa Benki ya Dunia, Robert McNamara, alipotoa hotuba iliyoingia katika historia, akiitaka benki hiyo iwaelekee maskini wa kupindukia, hasa wakulima wadogo. Miaka miwili baadaye, mwaka 1975, benki hiyo iliidhinisha mkopo kwa mradi mkubwa wa makazi ya watu wa kipato cha chini mjini: Dandora.

Mradi huo ulipangiwa ploti zipatazo 6,000. Mwenye kupewa ploti alikuta maji, mfereji wa majitaka, choo na bafu, kisha akajijengea vyumba kadiri ya uwezo wake. Kwa hiyo, katika muongo mmoja, jiji lilijenga kwa namna mbili: katikati, kwa mkono wa msanifu na fedha za taifa, mashariki, kwa mkono wa mwananchi na deni. Dandora ilipata makazi, na katika miaka hiyo hiyo ya 1970 ikapata pia jaa la taka la jiji zima. Jaa hilo lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, ila malori hayakukoma kumwaga.

Nayo KICC haikukosa masaibu yake. Iliandaa mikutano mikubwa, ukiwemo ule wa wanawake wa dunia wa mwaka 1985, huku ikimilikiwa na Kanu. Baada ya chama hicho kushindwa uchaguzi wa 2002, serikali mpya ya Narc ililitwaa jumba hilo mwaka 2003, ikishikilia kuwa ni mali ya umma. Mwaka 2013, Seneti ilipofufuliwa, maseneta waliketi humo kwa muda.

Nøstvik hakuyaona hayo. Mwezi Oktoba 1990, Kenya ilivunja uhusiano wa kibalozi na Norway kufuatia mvutano kuhusu kukamatwa kwa mwanasiasa Koigi wa Wamwere. Uhusiano huo ulirejeshwa mwaka 1994. Msanifu huyo alifariki katikati ya farakano hilo, wakati ambapo nchi iliyomzaa na nchi iliyoibeba kazi yake kuu hazikuwa na ubalozi kati yake.

Heshima ilimfikia akiwa kaburini. Mwaka 2014, banda la nchi za Nordiki katika maonyesho ya usanifu majengo ya Venice, Italia, liliangazia kazi za wasanifu wa nchi hizo katika Afrika iliyokuwa imetoka kupata uhuru, na KICC ilikuwa miongoni mwazo.

Heshima kubwa zaidi ilikuja mwaka 2019, Benki Kuu ya Kenya ilipotoa noti mpya zenye picha ya KICC. Tangu hapo, mchuuzi wa Dandora anayepokea shilingi 50 au 1,000 huushika mkononi mchoro wa Nøstvik, hata kama hajawahi kupanda lifti ya mnara wenyewe. Jina la msanifu halimo katika noti hizo.