Mtemi Mirambo na Njia Yake ya Vita

Anayezuru makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, karibu na Mwanza, huziona ngoma za watemi wa zamani. Kwa jirani zao na ndugu zao, Wanyamwezi, alitokea mtemi aliyewatia hofu wafanyabiashara wa Unguja: Mirambo.

Alizaliwa karibu mwaka 1840 katika utemi mdogo wa Uyowa. Mbinu zake za vita alizichukua kwa Wangoni, wageni kutoka kusini: mwendo wa haraka na kumshtukiza adui. Juu yake akaongeza bunduki, na rugaruga, vijana ambao wengi wao walikuwa mateka na watoro wasio na ukoo wa kujivunia. Vitani aliwaongoza mwenyewe. Hapo tunampa haki yake.

Mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji. Waarabu wa Tabora wakamwendea, Stanley akiwa pamoja nao, wakaiteka ngome yake. Waliporudi na pembe za ndovu, akawavizia njiani. Agosti hiyohiyo akaivamia Tabora na kuchoma sehemu yake. Khamis bin Abdallah aliuawa akiulinda mji.

Hao walikuwa ndugu zetu katika dini. Lakini aya ya 8 ya Suratul-Maidah inatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya chuki. Ugomvi ulikuwa wa ushuru na biashara, si wa dini, na pande zote mbili zilichukua watumwa.

Mirambo alifariki Desemba 1884. Kila kitu kilikuwa kimesimama juu yake peke yake, na miaka michache baadaye dola yake ikasambaratika.