Askofu Josiah Kibira (1925–1988): Ukoo, Kanisa na Meza ya Bwana

Josiah Mutabuzi Kibira alizaliwa Bukoba, magharibi mwa Ziwa Victoria, mwaka 1925. Alianza utumishi wake akiwa mwalimu. Katika ujana wake aliguswa na Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao waumini wake walitubu hadharani na kuitana ndugu bila kuulizana ukoo. Baadaye alisoma theolojia Bethel, Ujerumani, na Boston, Marekani. Mwaka 1964 alimrithi Askofu Bengt Sundkler wa Sweden, akawa Mwafrika wa kwanza kuiongoza Dayosisi ya Kaskazini Magharibi.

Swali lililomsumbua lilizaliwa nyumbani. Kwa Wahaya, ukoo ndio uliompa mtu jina, shamba na kaburi. Je, Ubatizo ungeweza kumpa ndugu wa kweli asiye wa damu yake? Katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu Kanisa, ukoo na ulimwengu, Kibira hakuudharau ukoo, kwa maana Injili ilipitia humo. Lakini alionyesha kwamba ushirika wa Kristo hauna budi kuvuka mipaka yake.

Swali hilo likawa la ulimwengu mzima. Juni 1977 Mkutano Mkuu wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani ulifanyika Dar es Salaam, ukamchagua Kibira kuwa Rais, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mkutano huo ulitamka kwamba ubaguzi wa rangi Kusini mwa Afrika ni jambo linalogusa ungamo lenyewe la imani. Wapo waliopinga wakisema hiyo ni siasa, wakilitegemea fundisho la Luther kuhusu falme mbili. Lakini Meza ya Bwana ni moja; anayewatenga wenzake kwa rangi amekwisha kuligusa fundisho. Mwaka 1984, huko Budapest, wakati Kibira akihitimisha urais wake, Fungamano lilisimamisha uanachama wa makanisa mawili ya wazungu. Lilikuwa tendo la uchungu, kwa kuwa waliosimamishwa walikuwa ndugu.

Askofu Kibira alifariki mwaka 1988. Kanisa limeachiwa urithi wake pamoja na swali lake: je, wanaoinuka kutoka Meza ya Bwana hubaki ndugu hata kwenye msiba, ndoa na kugawana mashamba?