James Siang'a: kipa aliyevuka mpaka na kazi yake

Ukitoka Malaba kwa barabara ya malori kuelekea Eldoret, utapita Bungoma. Huko ndiko alikofariki James Siang'a, Septemba 2016. Kama wewe ni kijana, au ulifika huku kutoka mbali, huenda jina lake hulijui. Lakini kama umewahi kuambiwa ukae golini kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka, habari zake zinakuhusu.

Siang'a alikuwa kipa. Alidakia Gor Mahia na timu ya taifa ya Kenya, Harambee Stars. Mwaka 1972 alikuwa katika kikosi kilichokwenda Cameroon kwa Kombe la Mataifa ya Afrika, mara ya kwanza kabisa kwa Kenya kufika huko. Kenya ilifungwa 2-1 na wenyeji, ikatoka sare ya 1-1 na Mali, kisha 1-1 na Togo. Ikarudi nyumbani baada ya hatua ya makundi.

Unajua jinsi kipa anavyohukumiwa. Mshambuliaji akikosa mabao matatu na kufunga moja, anabebwa juu. Kipa akiokoa mipira kumi na kuteleza mara moja, atakumbukwa kwa ule mmoja. Lakini kipa ana jambo ambalo wenzake hawana: anauona uwanja wote mbele yake, na kazi yake ni kuwapanga wenzake kwa sauti. Akistaafu, mikono inachoka lakini jicho hilo linabaki.

Siang'a aliingia nalo kwenye ukocha. Alifundisha Gor Mahia na Harambee Stars, kisha akavuka kwenda Tanzania. Huko alifundisha Moro United na Simba, na akakabidhiwa hata timu ya taifa, Taifa Stars. Hebu fikiria: Mkenya anapewa timu ya taifa ya jirani. Hakuwa mwenyeji, ila kazi yake ilimtambulisha.

Mwaka 2003 Simba ilikutana na Zamalek ya Misri, iliyokuwa bingwa mtetezi wa Afrika. Simba ilishinda 1-0 Dar es Salaam, ikafungwa 1-0 Cairo, mechi ikaenda kwenye penalti. Golini alikuwa Juma Kaseja, kijana bado. Simba ikashinda 3-2 na kuingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Kocha aliyewahi kusimama golini mwenyewe aliona usiku ule ukiamuliwa pale pale golini.

Kwa nini tunakukumbusha haya leo? Kwa sababu wengi wenu mlivuka mpaka mkiwa na mzigo mdogo. Nyumba na shamba vilibaki, lakini ujuzi ulikuja nanyi. Fundi cherehani bado ni fundi, mwalimu bado ni mwalimu, na kipa wa zamani bado anajua kudaka.

Kama ni wewe, nenda uwanjani jioni. Wachukue watoto wanaokaa golini, wa wakimbizi na wa wenyeji pamoja, uwaonyeshe namna ya kusimama, kuanguka na kuita. Na wewe mwenyeji, ukimwona mgeni anayeijua kazi hiyo, mkabidhi timu.