Noor Inayat Khan na Sanduku la Simu ya Upepo

Wako watu huko Ulaya na Marekani ambao hata leo hukusanya mitambo mikuukuu ya simu ya upepo iliyotumiwa na majeshi katika Vita Vikuu vya Pili. Huisafisha, huitia umeme, na kwa idhini ya serikali zao huitumia kuzungumza na wenzao wa ng'ambo, si kwa biashara bali kwa mapenzi tu. Hao ndio waendeshaji redio wa ridhaa. Miongoni mwa mitambo waipendayo mno ni ule uitwao B2, uliotengenezwa Uingereza ukatiwa ndani ya sanduku la nguo kama la msafiri yeyote. Afunguaye sanduku hilo leo huona waya, vali za kioo, na kidude cha kugongea nukta na vistari vya Morse. Lakini wakati wa vita, mtu aliyekamatwa na sanduku la namna hiyo mjini Paris alikuwa amebeba hukumu yake ya kifo mkononi.

Mmoja wa waliobeba masanduku hayo alikuwa mwanamke mpole, mpiga kinubi na mtunzi wa hadithi za watoto, mtoto wa nyumba ya Kisufi kutoka Bara Hindi. Msomaji mpenzi, leo na tumkumbuke Noor Inayat Khan.

Noor-un-Nisa alizaliwa Moscow tarehe 1 Januari, 1914. Babake, Inayat Khan, alikuwa mwanamuziki mashuhuri wa Baroda aliyetoka kwao akenda nchi za Magharibi kufundisha njia ya Kisufi. Mamake alikuwa Mmarekani, Ora Ray Baker, ambaye baada ya kuolewa aliitwa Ameena Begum. Kwa upande wa nyanyake babake, nasaba ya Noor ilifika kwa Tipu Sultan wa Mysore, yule Chui Milia aliyepigana na Waingereza mpaka akauawa mwaka wa 1799 akiutetea mji wake. Nasaba hiyo tuiweke akilini, maana mambo ya dunia huenda yakizunguka.

Jamaa hii ilihamia London, kisha Ufaransa mwaka wa 1920, ikatua katika nyumba iliyoitwa Fazal Manzil, huko Suresnes, karibu na Paris. Nyumba hiyo ilijaa muziki, dua na wageni. Mwaka wa 1927 Inayat Khan alifariki Delhi alipokuwa amezuru kwao. Ameena Begum akazama katika huzuni, na Noor, msichana wa miaka 13, akawa ndiye mlezi wa wadogo zake watatu. Hata hivyo alisoma. Alisomea elimu ya nafsi za watoto katika Chuo cha Sorbonne, akajifunza muziki, na akaandika hadithi za watoto zilizosomwa magazetini na redioni. Mwaka wa 1939 kitabu chake cha hadithi 20 za Kijataka, zile za kale za Kibuddha, kilitolewa London.

Vita vikazuka. Mwezi wa Juni, 1940, majeshi ya Hitler yalipokuwa yakiingia Ufaransa, Noor na jamaa zake walikimbilia Uingereza. Angeweza kukaa kimya, kwa kuwa malezi ya babake yalikuwa ya amani na kuchukia umwagaji damu. Lakini yeye na nduguye Vilayat waliona kwamba mbele ya dhuluma kama ile kukaa kando ni kushiriki. Mwezi wa Novemba, 1940, alijiunga na kikosi cha wanawake cha jeshi la ndege la Uingereza, akafunzwa kazi ya simu ya upepo. Wala hakuwa kibaraka. Alipohojiwa na maafisa, hakuficha kwamba vita vikiisha ataunga mkono uhuru wa Bara Hindi. Kizazi cha Tipu kilivaa sare ya Waingereza bila ya kuuza ulimi wake.

Mapema mwaka wa 1943 idara ya siri iliyojulikana kwa herufi SOE ilimchukua, kwa kuwa alijua Kifaransa kama mwenyeji na mkono wake ulijua Morse. Baadhi ya walimu wake waliandika kwamba hafai: ana woga wa silaha, hajui kusema uwongo, na mawazo yake yako mbali. Wengine walimtetea. Waendeshaji simu walikuwa haba na haja ilikuwa kubwa, basi akapelekwa. Usiku wa tarehe 16 Juni, 1943, ndege ndogo ilimteremsha uwanjani Ufaransa. Alikuwa mwanamke wa kwanza mwendeshaji wa simu ya upepo kutumwa huko na Uingereza. Jina lake la siri lilikuwa Madeleine.

Hapa yafaa tueleze kazi yenyewe. Mtambo wa sanduku ulikuwa na uzito wa kadiri ya kilo 15. Mwendeshaji alihitaji umeme, na waya mrefu wa kutundika nje au kutandaza chumbani ili mawimbi yapae. Kisha hugonga ujumbe uliokwisha kufichwa kwa tarakimu na herufi. Taabu ni kwamba mawimbi hayachagui msikilizaji. Yakifika London, yamefika pia kwa Wajerumani, waliokuwa na mitambo ya kupima yalikotoka na magari ya kuzungukazunguka mitaani mpaka waipate nyumba. Kila dakika ya kusema ilikuwa dakika ya kutafutwa. Kwa hiyo salama ya mwendeshaji ilikuwa kusema machache, kufunga sanduku, na kuhama.

Siku chache tu baada ya Noor kufika, mtandao wake ulivunjwa. Kiongozi wao, Francis Suttill, alikamatwa tarehe 24 Juni, na baada yake wakakamatwa watu wengi. London walitaka kumrudisha Noor. Akakataa, kwa sababu akiondoka, waliobaki hawatakuwa na mtu wa kuwaunganisha na Uingereza. Kwa muda alikuwa karibu peke yake katika kazi hiyo mjini Paris. Alibadili nyumba, alibadili rangi ya nywele, akalibeba sanduku lake huku na huko. Zile alizodhaniwa hataziweza wiki chache zikawa karibu miezi minne.

Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Si magari ya Wajerumani yaliyompata. Yaaminika kwamba aliuzwa kwa fedha na mtu aliyezijua siri zake. Mwezi wa Oktoba, 1943, alikamatwa akapelekwa katika jumba la Avenue Foch, nambari 84.

Haki yatutaka tuseme na lililo zito. Noor alikuwa ameweka daftari lenye nakala za jumbe zake, jambo ambalo mtu wa kazi ile hakupasa kulifanya. Wajerumani walilipata pamoja na mtambo, wakagonga jumbe kwa jina lake. London, ingawa dalili za hatari zilikuwapo, waliendelea kujibu. Mwishoni mwa Februari, 1944, watu watatu waliangushwa kwa miavuli moja kwa moja mikononi mwa adui. Mmoja wao alikuwa Madeleine Damerment. Ushujaa haufuti kosa, wala kosa halifuti ushujaa.

Maana mdomo wake haukufunguka. Mkuu wa jumba lile mwenyewe alikiri baada ya vita kwamba hakupata kitu kwake. Mara mbili Noor alijaribu kutoroka kwa kupitia juu ya paa, na mara mbili akashikwa. Alipotakiwa aahidi kwamba hatajaribu tena, alikataa. Akapelekwa gereza la Pforzheim, Ujerumani, akafungwa peke yake kwa minyororo ya mikono na miguu miezi kama 10. Tarehe 13 Septemba, 1944, aliuawa kwa risasi katika kambi ya Dachau pamoja na wanawake wengine watatu. Mmoja wa watatu hao alikuwa yule Madeleine Damerment. Noor alikuwa na miaka 30.

Mwaka wa 1949 Uingereza ilimpa medali ya George Cross, na Ufaransa nayo ilikuwa imempa Croix de Guerre. Mwaka wa 2012 sanamu yake ilizinduliwa Gordon Square, London.

Na mitambo je? Vita vilipoanza mwaka wa 1939, serikali ya Uingereza iliwanyang'anya waendeshaji wa ridhaa vyombo vyao. Mwaka wa 1946 idhini zikaanza kurudi, na vifaa vya jeshi vilivyobaki vikauzwa kwa bei nafuu. Masanduku ya B2 yakaingia majumbani, yakawa ya kusalimiana na kuulizana hali ya hewa. Leo mtu hugonga Morse kwa mtambo wa namna ile usiku kucha, dirisha likiwa wazi, wala hasikilizii hatua za mtu ngazini. Raha hiyo ina waliyoilipia, na Noor ni mmoja wao.

Mwenyezi Mungu amrehemu.